Nusu Dakika Kabla Hujaingia Handaki

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti linamsumbua mvua zikianza, lakini bado anakwenda kanisani kwa miguu na hataki kusikia habari ya fimbo. Mahindi ya shamba letu la kijijini Kikwe yametoka vizuri mwaka huu, na mfereji umezibuliwa. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiyauliza kwanza kila nilipotoka shamba, halafu ndipo unasema, "Na wewe, Mama, hujambo?" Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako.

Mimi sijambo sana. Nakuandikia kwa sababu ya Hamisi.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani kwangu asubuhi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajua kuna jambo. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba wangempa jina, na yeye alitaka kumwita Yusufu, jina lako. Akasema jina hilo liko kwao na liko kwetu, msikitini halina tatizo na kanisani halina tatizo, lakini hawezi kulichukua bila kuniuliza mimi kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa. Wanangu wawili wote wana majina ya upande wa baba yao, unajua. Kwa hiyo jina lako lilikuwa bado limekaa tu, halijachukuliwa, na nilidhani litakaa hivyo likinisubiri. Nilimwambia nitafikiri. Moyoni nilikuwa nimeshasema hapana.

Nataka nikueleze kwa nini, kwa sababu ulipokuwa hai sikukueleza.

Ulikuwa na mabinti watatu na kazi ya zimamoto. Wadogo zangu hawakuijali hiyo kazi. Mimi nilikua nikisikia buti zako sakafuni, nikajua kwa harufu ya koti lako kama kilichoungua ni nyasi, nyumba au mafuta. Nilipomaliza kidato cha nne nikaandika barua ya kuomba kuwa askari wa zimamoto kama wewe. Uliipeleka mwenyewe. Ukarudi nayo mfukoni, ukasema hawachukui mwanamke wa kushika mpira wa maji, ila kuna nafasi chumba cha simu. Ukanipa moyo: "Una masikio mazuri. Na anayesikia kwanza ndiye anayeokoa kwanza." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu chumba cha simu kilikuwa na dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi.

Na kwenye dirisha hilo ndipo nilipomwona Hamisi.

Alikuwa amepunguzwa kiwandani, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa fundi cherehani marehemu wa mitaa ya zamani kule mjini. Walikuwa wanne wapya. Wale watatu uliwafundisha kama kazi. Yeye ulimfundisha kama unampa kitu. Nakumbuka ulivyomfunga kitambaa machoni ukamwambia atambae kuzunguka uwanja huku akipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikigusa waya wa umeme kinaushika na mgongo wa mkono unarushwa. Alikosea, ukacheka. Ukamrudisha mwanzo, ukatambaa naye. Baba, siku hiyo nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikajifunga kanga machoni, nikatambaa chumbani kwangu kutoka kitandani hadi kabatini kwa mgongo wa mkono. Nilifanya hivyo wiki nzima. Hakuna aliyejua. Nilifika kabatini bila kugonga chochote na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha ukaanza kumleta Kikwe Jumapili. Mara ya kwanza alipokuja, Mama alitaka kuchinja kuku, ukachukua kisu ukampa Hamisi ili na yeye aweze kula. Ilikuwa adabu tu, naelewa. Lakini tangu siku hiyo hakuna kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu na mkono mwingine. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando ikiiva, bakuli la kwanza lako, la pili lake. Mnakaa pale karibu na migomba mnaongea moshi: moshi mweupe, moshi mweusi, moshi unaokwenda polepole na moshi unaokimbia. Mimi nalisikia kila neno kutoka jikoni, na kila neno nalikumbuka mpaka leo.

Unalikumbuka Handaki. Wajukuu wako hawalijui, kwa hiyo nitaliandika hapa, wakikuta barua hii waelewe. Ilikuwa barabara ya kawaida nyuma ya soko, ya kupitisha gari. Ulipokuja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakamiminika mjini, na watu waliopunguzwa makazini wakaweka meza pande zote mbili. Meza zikazaa vibanda. Vibanda vikagusana juu kwa mabati, kutoka mdomo wa juu upande wa mlimani hadi mdomo wa chini upande wa bondeni. Ndani kulikuwa na giza saa sita mchana. Mafundi cherehani walishona kwa taa, na nguo zilining'inia mpaka zinakupapasa uso. Watu wenyewe ndio waliolipa jina la Handaki, na walilipenda, maana mvua haikuwapata.

Wewe hukulala vizuri kwa sababu yake. Gari letu lisingeweza kuingia hata urefu wake mwenyewe. Bomba la zimamoto lilikuwa katikati, chini ya meza ya muuza viatu. Mkakubaliana na wafanyabiashara kwenye kikao warudi nyuma hatua tatu kila upande, wakarudi, wiki iliyofuata meza zikawa zimetoka tena. Mama Neema, yule fundi wa sare za shule, alikuambia kwa upole kabisa, "Mzee, tukirudi hatua tatu, mteja ananunua kwa jirani." Hukumkasirikia. Ulisema hata mama yetu angekuwa na kibanda pale, angefanya hivyohivyo.

Ndipo ukaenda na Hamisi kulipima kwa miguu, mlango hadi mlango. Niliomba kwenda. Ukasema simu haiachwi peke yake. Mkarudi na ramani mliyoichora kwenye karatasi ya manila, mkaibandika ukutani mbele ya meza yangu. Mkaniambia pia mlilogundua: mabati yanaua sauti. Mtu akiwa ndani na simu ya upepo, aliye nje hasikii kitu ila mlio wa kukwaruza. Na hata walio kwenye midomo miwili, juu na chini, hawasikilizani kwa sababu ya majengo yaliyo katikati. Lakini wote wawili walisikika kituoni, kwangu. Kwa hiyo mkapanga hivi: aliye ndani ataongea kwa kamba, vuta moja ni salama, mbili niongezee mpira, tatu rudi. Walio nje wataongea kupitia kwangu. Uligonga meza yangu kwa kidole, ukasema, "Hapa ndipo midomo miwili inapokutana." Nilifurahi. Nilidhani hatimaye umenipa kitu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kiangazi, na ule upepo unaopanda mlimani mchana ulikuwa umeshika kasi. Mwenye duka la vifaa alipiga simu akasema pasi ya mkaa imeangukia robota na Handaki linawaka katikati. Mlitoka ndani ya dakika moja. Gari lilisimama mdomo wa juu, maana ndiko barabara iliko. Ulimtuma Hamisi azunguke mbio hadi mdomo wa chini akaangalie. Wewe ukabaki juu na dereva na wengine wawili.

Watu wakakuambia Mama Neema amerudi ndani kuchukua cherehani. Dereva alinitaarifu: Mzee anajifunga kamba, anaingia kumtafuta. Nikajibu nimesikia, nikaandika.

Kisha ikaja sauti ya Hamisi. Alikuwa anahema.

"Dada, Mama Neema ametoka huku chini, ninaye hapa. Huku kweupe. Moshi wote unapanda. Mwambie Baba asiingie juu."

Nilisikia vizuri sana. Una haki kusema nina masikio mazuri. Nilimsikia mpaka mwisho, na neno nililolishika lilikuwa moja. Hakusema Mzee. Hakusema Mkuu wa Zamu, cheo chako. Siku zote alikuita Mzee, hata Kikwe, na siku hiyo kwa hofu neno la ndani likamtoka.

Nikabonyeza kitufe. Nikamwuliza, "Baba gani? Jitambulishe kwanza na mahali ulipo, halafu urudie taarifa."

Ndivyo nilivyosema, Baba. Ni kweli ulitufundisha kila taarifa ianze na mahali na jina. Lakini sikuwa nafuata kanuni, nilikuwa namwadhibu. Nilitaka aseme Mzee. Nadhani hakuamini. Akarudia yote upya kwa utaratibu: mdomo wa chini, Hamisi, mama ametoka, mwambieni Mkuu wa Zamu asiingie. Nusu dakika ilikuwa imepita. Nikampigia dereva. Dereva akasema, "Ameingia sasa hivi."

Wakavuta kamba mara tatu. Ilikuwa imenasa kwenye mguu wa meza, hukuihisi. Nilikuwa nawasikia wakikuita kwa sauti, na sikuweza kufanya lolote ila kushika kile kitufe. Nilikuwa naitazama ramani yenu ukutani. Baada ya hapo Hamisi hakuuliza mtu. Alivua shati, akalilowesha kwenye ndoo ya mama wa chai, akaingia kutoka chini na hewa safi mgongoni kwake, akapita pembeni ya moto kando ya ukuta, akakukuta umepiga magoti kati ya nguo za watoto. Akakuburuta kuteremka hadi mwangani.

Nilipofunga daftari la matukio jioni, niliandika muda mmoja tu kwa taarifa zote mbili, ya Hamisi na ya kwangu kwa dereva. Kana kwamba hapakuwa na kitu katikati.

Hakufa mtu siku hiyo. Wote waliokuja hospitali walisema hivyo: tumshukuru Mungu, hakufa mtu. Ulilala siku tisa. Kila mgeni aliyeingia ulimwonyesha Hamisi pale kwenye benchi, ukisema, "Huyu mwanangu alinifuata." Mimi nilikuwa namimina chai. Kifua chako hakikupona tena. Ukawa unakohoa ukipanda ngazi, kisha ukikaa, kisha ukilala, na baada ya masika mawili ukaondoka.

Kwenye mazishi mchungaji alisoma, "Ameacha mjane na watoto wanne." Mama ndiye aliyempa orodha. Watu wa Kikwe wakageuka kumtafuta wa nne, wakamwona amesimama na kofia yake mkononi, analia bila kujificha. Mimi sikulia. Walidhani nina nguvu. Baba, nilikuwa nahesabu. Nilikuwa najiambia tuko watatu, tuko watatu.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Handaki limejengwa upya, lakini barabara imebaki wazi, imechorwa mstari mweupe na wenye vibanda wenyewe ndio wanaomfokea anayeuvuka. Mama Neema ndiye mwenyekiti wao na ni mkali kuliko wewe. Mabati yana nafasi za kutolea moshi. Kila mdomo una kengele na kibao chenye namba yetu ya simu, na maneno makubwa yasemayo ukiona moshi kimbia upande upepo unakotokea. Hamisi ndiye aliyeandika hayo maneno. Kuna mlingoti wa antena juu ya nyumba ya wageni ya pale kona, kwa hiyo sasa aliye juu anamsikia aliye chini moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Na kituoni tuna wasichana wawili wanaoshika mpira wa maji. Nawaona kwenye dirisha lilelile. Nawaonea wivu hata wao, nikuambie ukweli. Mmoja akianguka anacheka.

Sasa narudi kwa Hamisi na kanzu yake. Nilipomwambia nitafikiri, alisema sawa, hakuna haraka, kumbe zilikuwa zimebaki siku nne. Alikuwa anamalizia chai. Na mimi, sijui ni ule upole wake au nini, nikataka kumwumiza. Nikataka ajue kwamba mwenye jina analotaka kumpa mtoto wake aliondoka duniani mapema kwa sababu yangu, ili asilitake tena.

Nikamwambia, "Hamisi, hujui nilichofanya siku ya Handaki."

Akaweka kikombe mezani. "Kile cha kwenye redio?"

Nikamwuliza amekijuaje.

"Nilikuwa nimeishika mimi, Dada," akasema. "Ulichoniuliza nilikisikia."

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii amenyamaza. Hapo ndipo akanieleza. Siku ya tatu hospitalini alikuwa na hasira nami. Alisubiri niende nyumbani kubadilisha nguo, akakuambia yote, na akakuambia niondolewe kwenye simu. Kisha ukamwambia, "Yule alitaka kuja huku nje na sisi, nikamfungia kwenye kile chumba. Usimwulize. Siku akitaka kusema, atasema." Akakuahidi. Na wewe ukaongeza tu kwamba chai ninayoleta ni nzuri.

Ulijua.

Miaka miwili ulikunywa chai ya mkono wangu ukijua. Ulinitazama nikikupangia mito nyuma ya mgongo, ukasema asante Mama, ukijua. Na hukuniambia mimi, ulimwambia yeye. Watu wangefurahi kusikia kwamba walishasamehewa. Mimi nilichosikia ni kwamba hata msamaha wangu ulimpa Hamisi akutunzie. Alikuwa nao mfukoni kazini, kanisani kwenye mazishi yako, harusini kwake niliposimama upande wa familia. Kitu kimoja ambacho kingekuwa chetu wawili tu, mimi na wewe, hata kama ni kibaya, na chenyewe mligawana ninyi wawili karibu na kitanda.

Nililia hapo, mbele yake. Kilio kile ambacho hakikuja Kikwe.

Alipoona nimetulia nikamwuliza lile ninaloliogopa. Ningepeleka taarifa palepale, ungekuwa hujaingia? Hakunidanganya. Alisema hajui. Labda dereva angekukuta mlangoni, labda ulikuwa umeshainama kuingia. Alisema ameenda pale mara nyingi na saa mkononi, akatembea, akahesabu, na kila siku anapata jibu jingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alininyima kitu. Alijua tangu mwanzo ninavyomtazama dirishani, na angeweza kukuambia uniite uwanjani hata siku moja, hakukuambia, kwa sababu yeye hakuwahi kuwa na baba wa kutambaa naye na hakutaka kugawana.

Basi. Tulikuwa wawili.

Siku ya sita nilikwenda kwao asubuhi. Mkewe alinipokea, akanipa mtoto bila kuniuliza kama nimeshaamua. Hafanani na wewe hata kidogo, Baba, angefanana vipi. Ana masikio makubwa. Nilimwangalia nikafikiria siku atakayoharibu kitu, na mama yake akiita jina lako kwa ukali uani, na majirani wote wakilisikia na kulizoea kuwa ni la huyu. Iliniuma. Bado inaniuma ninapoandika. Nikasema, "Mwiteni Yusufu." Hamisi alikuwa amesimama mlangoni, akageuka akatazama nje.

Jumatatu yake nilikwenda kwa mkuu wa kituo na lile daftari la zamani. Nilimwonyesha ukurasa, nikamwambia muda wa kweli, nikaandika pembeni kwa wino mwingine na kutia sahihi. Alinisikiliza, akaniambia nirudi kazini, atanijulisha. Bado sijajulishwa. Lolote litakalokuja nitalipokea. Wapya ninaowafundisha nimewaeleza pia, kwa jina langu, kwamba mtu akikuita kwa hofu, kwanza peleka alichosema, maswali yako yatasubiri.

Amebaki mmoja asiyejua. Hamisi amejitolea anisindikize, nimemkatalia. Hili nitalifanya bila yeye. Jumamosi nitakwenda Kikwe, nitamkuta Mama anapepeta maharage, nitakaa chini na kumsaidia, na kabla hatujamaliza ungo wa kwanza nitamwambia. Anaweza kunifukuza. Anaweza kulia. Anaweza kusema na yeye alijua, na hapo sijui nitafanya nini. Lakini atasikia kwa mdomo wangu, na nakuahidi nitasema lile neno lenyewe nililouliza, bila kulipunguza.

Wivu haujaisha. Sitakudanganya kaburini baada ya kukudanganya kitandani. Pumzika, Baba. Pumua vizuri huko uliko.

Mwanao wa kwanza,
Eliwaza